Kuhesabu matra za Kiawadhi: mradi ulipofikia

Programu yangu ya kuhesabu matra, yaani vipimo vya urefu wa silabi katika ushairi, sasa inasoma bila shida Devanagari, herufi zinazoandika Kiawadhi na Kihindi. Wiki hii nimeipa Ramcharitmanas, utenzi ambao Tulsidas alianza kuutunga mjini Ayodhya mwaka 1574 kwa Kiawadhi, lugha ya pande za Lucknow, Ayodhya na Sultanpur huko kaskazini mwa India, inayovuka mpaka hadi nyanda za Terai nchini Nepal.

Sehemu kubwa ya utenzi huo iko katika bahari ya chaupai: kila kipande matra 16. Aliyezoea shairi la nane kwa nane atajiona yuko nyumbani, lakini hesabu yenyewe ni nyingine. Kwetu kila silabi ni mizani moja. Kwao silabi fupi ni matra moja na ndefu ni mbili.

Chukua kipande hiki maarufu: *mangal bhavan amangal hari*. Man-ga-la ni 4, bha-va-na 3, a-man-ga-la 5, haa-rii 4. Jumla 16, na programu ikakubali. Kipande kinachofuata, *dravau so dasarath ajir bihari*, ikatoa 17.

Kilichozidi ni "so". Kiawadhi kina e na o fupi pamoja na ndefu, ila Devanagari ya kawaida huziandika kwa alama ileile. Msomaji wa Awadh, eneo la lugha hii, huifupisha "so" hapo na wimbo ukakaa sawa. Zana zilizotengenezwa kwa Kihindi sanifu haziwezi kunisaidia, kwani kwao kila o ni ndefu.

Hapo ndipo ninapoumia. Sensa ya India ya 2011 iliweka watu kama milioni 3.85 waliotaja Kiawadhi chini ya Kihindi. Wengine wengi hujiandikisha moja kwa moja kuwa wasemaji wa Kihindi. Lugha ambayo Malik Muhammad Jayasi aliitungia utenzi wa Padmavat mwaka 1540 haistahili kupimwa kwa irabu za jirani yake.

Kwa hiyo nimebadilisha kanuni. Kipande kikizidi 16, programu inajaribu kufupisha e na o moja moja, kisha inanionyesha kila njia inayokubali. Vipande vyenye njia mbili nimevitenga. Hivyo vitasubiri nisikilize rekodi za wasomaji wa Awadh wenyewe. Nikimaliza navyo, nahamia Padmavat.