Mgongo wa mbeba mizigo
Siku hizi wanafunzi wangu wa fiziotherapia nawafundisha kuchuja wagonjwa, yaani kumtambua anayepaswa kumwona daktari kwanza, kwa video fupi kwenye grupu la WhatsApp. Fupi kwelikweli, maana bando la mwanafunzi tunalijua.

Ya wiki hii ni mbeba mizigo wa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, analia na mgongo (kaigiza mwenzangu, anastahili tuzo!). Wengi wanarukia, "Magunia ya dagaa hayo." Video inasimama: uliza nini sasa? Jasho la usiku? Homa? Kupungua uzito? Safi, kwa sababu kifua kikuu hushika hata pingili za mgongo, na mwenye dalili hizo anaanza kwa daktari kabla ya mazoezi.

Wanalolikwepa ni swali la haja ndogo na ganzi sehemu za siri. Aibu, mgonjwa ni rika la baba zao. Lakini mkojo ukigoma na sehemu ya kukalia ikafa ganzi, huenda neva (mishipa ya fahamu) za chini ya mgongo zimebanwa. Dharura hiyo, haingoji kesho. Basi nikawaagiza wajirekodi wakiuliza. Mmoja kaanza na shikamoo, kisha: "Samahani mzee wangu, haja ndogo inatoka vizuri?" Hakutazama chini.

Kupima nguvu za miguu tunabaki nako darasani. Simu haina mikono.