Pua iliyobondeka: nilivyoinyoosha kwa maji ya moto

Kusi ilivuma vibaya ndege yangu ndogo ya rimoti ikiwa inakata kona, ikachomeka kichwa chini ufukweni Raskazone, maji yamekupwa. Pua ilibondeka, bawa la kushoto likavunjika, propela ndiyo usiseme.

Nilianza na betri. Haikuvimba, lakini niliichomoa na kuiacha nje juu ya mchanga mkavu, kwa sababu betri ya lithiamu ikiumia inaweza kuwaka baadaye, watu wameshalala.

Pua ni ya povu la EPO, aina ya povu gumu linalonyumbulika kidogo. Niliimwagia maji yaliyochemka, polepole, na mikunjo ikaanza kufutuka yenyewe: hewa iliyomo kwenye vitundu vya povu hupanuka kwa joto. Haikurudi laini kabisa, ila umbo lilirudi. Bawa nililiunga kwa gundi ya epoksi, ndani nikachomeka kijiti cha mshikaki. Supa gluu inafaa kwa EPO; ile povu nyeupe ya maboksi ya televisheni huyeyushwa nayo.

Pua nayo niliitia gundi, ikaongeza uzito mbele, nikasogeza betri nyuma hadi ndege ikakaa sawa juu ya vidole viwili, karibu robo ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Propela nilinunua mpya. Ya kuunga siiamini.

Inaruka. Inavuta kushoto kidogo, nimeituliza kwa trimu ya rimoti, kile kitufe cha kurekebisha mwelekeo kidogo kidogo.