Usiikimbize injini

Kijitabu kilikuja ndani ya kreti la mbao pamoja na injini, kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni wenye grisi. Kilikuwa cha Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Baba alikipangusa kwa pindo la koti lake, akanikabidhi kwa mikono miwili kama anayempa mgeni. Ilikuwa Juni 1995. Nilikuwa likizo yangu ya kwanza ya kidato cha kwanza, na pale nyumbani, Uporoto, kwenye baridi ya juu ya Uyole, hakukuwa na mwingine aliyewahi kufika sekondari.

Injini ilikuwa ya mashine ya kusaga. Baba na baba mdogo waliinunua kwa fedha za viazi vya misimu mitatu. Kabla ya hapo mama zetu walibeba madebe ya mahindi kichwani, washuke bonde na kupanda upande wa pili, wakasage kijiji cha jirani na kurudi jioni na unga.

"Soma wanachosema," baba akaniambia. "Sisi tunaijua kwa macho tu."

Shule ya msingi tulisoma masomo yote kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja kati ya mengi. Kwa hiyo nilikuwa na maneno machache, na kila neno nilikuwa nimelipa maana moja. "Run" ilikuwa kimbia. Mwalimu wetu wa darasa la tano alitufundisha neno hilo kwa habari za Filbert Bayi, aliyekimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 kule Christchurch, New Zealand, mwaka 1974, akaweka rekodi ya dunia. Tulikariri sentensi kwa sauti huku mvulana mmoja akitimua mbio kutoka ubaoni hadi mlangoni. Neno likaniingia kichwani likiwa na miguu.

Ukurasa wa nne wa kijitabu ulikuwa na mstari uliokolezwa wino: "Do not run the engine until the fuel tank is empty." Nikaukata vipande kama tulivyozoezwa. Usi. Injini. Mpaka. Tangi. Tupu. Likabaki lile neno la katikati. Injini haina miguu, lakini gari hukimbia, na dereva hulikimbiza. Nikasoma kwa sauti: "Usiikimbize injini mpaka tangi la mafuta liwe tupu."

Baba aliitikia kwa kichwa. Ujanani alikuwa utingo wa malori ya Mbeya na Dar es Salaam, akapanda na kushuka Kitonga mara nyingi, na alijua kwamba injini mpya haipigwi resi. Inazoezwa kwanza. "Ndivyo ilivyo," akasema. "Tangi la kwanza twende nalo polepole. Likiisha, ndipo tuiachie." Tafsiri yangu ilikutana na jambo alilolijua tayari, basi hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza mara mbili.

Kumbe mstari ule ulikuwa unasema: usiiache injini ikiwaka mpaka mafuta yaishe. Kijitabu kilikataza jambo lile lile ambalo sisi tulikwenda kulifanya, tena kwa uangalifu mkubwa.

Siku ya tatu foleni ilifika hadi kwenye mti wa mparachichi. Baba alikuwa akifungua kifuniko cha tangi kila baada ya muda, achungulie, afunge, asubiri liishe. Saa nane hivi mchana mlio ukabadilika. Injini ilishuka, ikajikaza, ikashuka tena, kisha ikanyamaza. Baba akamimina dizeli mpya, akapiga hendeli. Kimya. Akapiga baba mdogo, wakapiga vijana mmoja mmoja mpaka viganja vikatoka malengelenge. Kufikia jioni madebe yalianza kunyanyuliwa, mahindi yakiwa bado mahindi. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alipita karibu yangu akasema tu, "Haya mwanangu, tutasikia," akashika njia ya bondeni. Nilikuwa nimesimama na kijitabu mkononi. Sikujua bado kwamba kosa ni langu, lakini tumbo lilikuwa limeshajua.

Fundi alipatikana Mwanjelwa, akaja siku ya pili yake juu ya lori lililokuwa likifuata viazi. Hakugusa spana kwanza. Aliuliza.

"Mzee, mliiacha ikaisha mafuta?"

"Ndiyo, fundi. Kitabu kimesema hivyo. Tulisoma hivyo."

Alisema tulisoma. Mimi ndiye niliyesoma, na kila mtu kibandani alilijua hilo.

Fundi akaniomba kijitabu. Kiingereza chake kilikuwa cha injini tu, lakini hicho alikijua barabara. Akaweka kidole chake cheusi kwa oili chini ya lile neno. "Hapa hakuna mbio, mdogo wangu. Hapa ni kufanya kazi. Injini ikiwa inaunguruma, wao husema hivi. Saa ikitembea, hivi hivi. Maji yakimwagika bombani, hivi hivi. Na mafuta yakikuishia, neno ni hili hili. Liangalie limekaa na nani."

Kisha akaniita karibu nishike kopo. Injini ya dizeli haina plagi, akanieleza. Mafuta huwaka kwa kukutana na hewa iliyobanwa ikapata moto mkali. Pampu huyasukuma kwa nguvu hadi kwenye nozeli. Tangi likikauka, mabomba huvuta upepo, na upepo hubonyea, hivyo pampu inahangaika bure na nozeli haifunguki. Akalegeza nati ya bomba kwa spana, akawa anasukuma mafuta kwa mkono taratibu. Kilichotoka kwanza kilikuwa povu, likitema na kufoka. Yakafuata mapovu makubwa, halafu madogo kama mbegu za ulezi, mwisho dizeli tupu, nyororo, bila hata kipovu kimoja. Akakaza nati, akahamia nyingine. Baba alipopiga hendeli safari hii injini ilijibu mzunguko wa tatu.

Bibi alikuwa ameketi mlangoni, khanga mbili mabegani. "Neno moja lifanye kazi zote hizo?" akauliza. "Hawa watu hawana maneno mengine?"

"Bibi," fundi akamjibu, "na sisi mbona tunapiga? Sasa hivi mzee kapiga hendeli. Nguo tunapiga pasi, posta tunapiga simu, mwaka huu tutapiga kura."

Bibi akafikiri. "Na hodi tunapiga," akasema. "Na magoti. Na yowe. Na hakuna hata moja lenye fimbo." Akaendelea kuyatafuta mpaka giza likaingia. Aliyapata mengi kuliko sisi wote.

Nilirudi shuleni Julai na ukurasa mzima wa daftari wenye neno moja juu yake. Oktoba, kuelekea uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo urudishwe, nilisoma kwenye gazeti la Kiingereza kwamba Mkapa, Mrema, Lipumba na Cheyo walikuwa wanafanya jambo hilo hilo kuelekea Ikulu. Nikaandika: kugombea. Nikaandika pua inayotoka kamasi, barabara inayotoka mahali kwenda mahali, ugonjwa unaorithiwa ukooni. Miaka mingi baadaye, mwaka 2011, nilisoma habari za Peter Gilliver, mhariri wa kamusi ya Oxford English Dictionary, aliyeshughulika na neno hilo kwa miezi tisa na kupata maana 645 za kitenzi peke yake. Nilifurahi sana. Mtu mzima, msomi, kakaa miezi tisa na neno lililonishinda kwa dakika mbili.

Bado naumia nikiona daftari la mtoto lenye mistari miwili, neno la Kiingereza kushoto na neno moja la Kiswahili kulia, limewekewa alama ya vema na kufungwa. Mtoto huyo kesho atapewa karatasi ya dawa asome, au ya mbolea, na wazazi watafanya atakachosema.

Kijitabu kiko kwa mtoto wa baba mdogo hadi leo, ingawa mashine sasa ni ya umeme. Ukurasa wa nne una maandishi yangu ya penseli pembeni, ambayo baba aliniambia niandike jioni ile ile fundi alipoondoka, kisha akanitaka niyasome mara tatu: "Mafuta yasiishe. Tangi likifika nusu, jaza." Chini ya mstari wenyewe kuna alama ya kidole cha fundi.