Fundi Aliyepita

Julai 2014 nilipigiwa simu kutoka Kabale. "Fundi, huku juu tunalala na makoti," mama mwenye nyumba akasema, "na sebuleni tunafungua madirisha kwa joto." Usiku huohuo nikapanda basi kutoka Kampala.

Kabale iko kusini-magharibi mwa Uganda, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Alfajiri ya Julai unapumua na mvuke unauona. Mama huyo alikuwa muuguzi Uingereza kwa miaka mingi, na aliporudi kujenga alitaka joto alilolizoea: boila ya kuni za mikalitusi nyuma ya jiko, tangi la lita 1,000, pampu, na vali mbili za umeme wa volti 24, moja ya sebule na moja ya vyumba vya juu. Kila upande una themostati yake ukutani. Chumba kikipoa, themostati inaita, vali inafunguka, maji ya moto yanapita kwenye rejeta. Naam, rejeta. Pale nyumbani waliziita hivyo kama za gari, na mjukuu wake aliniuliza injini iko wapi.

Mfumo ule niliujua. Wiki tatu kabla, umeme ulikatika, na uliporudi ukarudi na kishindo, ukaunguza transfoma pamoja na kisanduku chote cha waya. Nilifunga kingine jioni moja, nikalipwa, nikawahi basi.

Safari hii nilianza na hewa. Nikatoa hewa kwenye rejeta zote za juu. Maji yakatoka safi, lakini ya baridi. Nikaifungua vali ya juu kwa mkono, na baada ya dakika kumi hivi rejeta zikashika moto. Basi pampu nzima, mabomba mazima. Nikairudisha vali, nikapandisha themostati ya juu hadi 30, nikashuka mbio na tesa ya kupimia umeme. Vali ya juu haikupata hata volti moja.

Nikasema themostati imekufa. Nikafunga mpya niliyoibeba, shilingi 180,000. Vilevile. Basi panya amekula waya! Siku ya pili nzima nikaimaliza darini, kifudifudi, tochi mdomoni, nikifuata waya sentimita kwa sentimita. Panya sikumwona. Nilikuta kiota cha ndege na kiatu kimoja cha mtoto.

Jioni nilikaa jikoni, vumbi hadi kwenye kope. Dada mpishi, aliyevuka mpaka wa Bunagana mwaka 2012 vita vilipochacha kwao Kongo, akanimiminia chai ya tangawizi. Akasimama kidogo.

"Fundi, unisamehe. Siku ile tunafungua madirisha huku chini, kule juu kunakuwaka moto."

Nilitabasamu, tabasamu lile la fundi kwa mtu asiyejua kazi. Madirisha ya chini na joto la juu wapi na wapi? Nikapiga funda la pili. La tatu sikulimeza vizuri.

Madirisha yakiwa wazi, sebule inapoa. Sebule ikipoa, themostati yake inaita. Na ikiita, kunakopata joto ni juu! Na themostati ya juu, iliyotetemeka usiku kucha ikiomba moto, ilikuwa inaipelekea sebule. Sebule ikishapata joto haiombi tena chochote, kwa hiyo juu hakufiki kitu. Muda wote nilisimama mbele ya vali ya juu na tesa, na ya sebule ikinguruma kando yangu. Sikuitazama, kwani sebule haikuwa na shida.

Nikaenda kwenye kisanduku. Waya mbili, zote nyeupe, zimepishana. Hata mkanda wa kuziwekea alama sikuwa nimefunga. Kuzibadilisha kulinichukua dakika nne.

Usiku ule mama akashuka akiwa na kitenge tu mabegani, koti ameliacha juu. Yeye Kiswahili chake cha nyumba za polisi Nsambya, mimi changu cha Jinja, tulielewana vizuri, kwa bahati mbaya.

"Ilikuwa nini, mwanangu?"

"Waya zilipishana, mama. Fundi aliyepita alizichanganya."

Mpishi akainamia sufuria.

"Fundi aliyepita," mama akasema polepole, "si ni wewe?"

Themostati ya 180,000 niliiacha ukutani bure. Nauli nilijilipia.