Nitrati katika kisima chetu cha Moshono

Maji ya kisima chetu cha Moshono, pembezoni mwa jiji la Arusha, ni maangavu na hayana harufu, hivyo mkwe wangu alipokaribia kujifungua nilipata kazi kumshawishi mume wangu kwamba yapimwe upya. Awali tulipima floridi, kama ilivyo desturi kwenye miamba yetu ya volkano. Safari hii niliomba maabara ipime pia nitrati, yaani nitrojeni iliyoungana na oksijeni, na kloridi, ile iliyomo kwenye chumvi.

Bakteria wa kinyesi hawakuonekana kabisa. Kwenye mstari wa nitrati palisomeka 15, na mume wangu alifurahi, kwa kuwa ukomo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Lakini kando ya tarakimu ile paliandikwa "kama nitrojeni", yaani uzito wa nitrojeni peke yake. Ukomo wa 50 huhesabu nitrati nzima pamoja na oksijeni yake, kwa hiyo 15 ile ni lazima kwanza izidishwe kwa 4.43, na jibu ni zaidi ya 66. Nawasihi wenye visima wasiyaruke maneno hayo madogo.

Kloridi nayo ilikuwa juu, na kwa kuwa chumvi tunayokula hutoka na mkojo, jambo hilo lilinielekeza kwenye maji taka kuliko mbolea ya shambani. Jirani yetu, mzee ninayemheshimu sana, alidhani nasema tangi lake la choo limepasuka. Nilimweleza kwamba hata tangi zima huchangia: ndani yake hamna hewa, hivyo nitrojeni ya mkojo na kinyesi hubaki katika hali ya amonia, maji yakishatoka kwenye shimo la kufyonzea na kupita kwenye udongo wenye hewa, bakteria huigeuza kuwa nitrati, na udongo uleule uliochuja vijidudu huiacha nitrati iteremke na maji. Viwanja vikibanana, kila nyumba na shimo lake, michango hiyo hujumlishwa.

"Basi Mama Elia, tutachemsha," alisema. Kuchemsha hupunguza maji na kuiacha nitrati yote, na klorini haiiondoi. Hatari kubwa ni kwa mtoto wa chini ya miezi sita anayekorogewa maziwa ya kopo, kwa sababu nitrati ikigeuka nitriti mwilini huizuia damu kubeba oksijeni, hata midomo na kucha zake zikawa za buluu.

Mzee huyo ndiye aliyekusanya saini za majirani tulipoomba mamlaka ya maji itufikishie bomba. Tulipima maji ya bomba kabla ya kuyaamini, floridi ikiwemo, na sasa ndiyo ya kunywa na kupikia. Ya kisima ni ya kufulia na kumwagilia. Shimo letu la kufyonzea tumelihamishia upande wa chini wa kiwanja, mbali na kisima, ingawa nitrati iliyokwisha kufika chini haiondoki upesi. Tutapima tena masika yakiisha, kwa kuwa mvua husukuma chini ile iliyobaki udongoni.