Chokaa yangu iligeuka maji kwenye Aspen Plus
Usiku wa pili hapa Mtwara Mjini, umeme umekatika, laptopu iko asilimia 11, na jedwali la matokeo la Aspen Plus (programu ya kuiga michakato ya kiwandani kwenye kompyuta) bado linang'ang'ania kwamba chokaa ni kimiminika. Nyuzi 900, jamani! Nilikuwa naiga uchomaji wa mawe ya chokaa. Nikabadili mbinu za kukokotoa, wapi.

Kosa lilikuwa langu. Kaboneti ya kalsiamu (yaani mawe yenyewe) na oksidi ya kalsiamu (chokaa) nilikuwa nimeziacha kwenye aina ya "Conventional" (ya kawaida), kwa hiyo programu ikazihesabu kama mvuke na kimiminika tu. Nikaziweka "Solid" (yabisi), mkondo ukawa wa daraja la MIXCISLD, linalobeba yabisi pamoja na mvuke na kimiminika, halafu kilo 100 za mawe nikazihamishia sehemu ya CISOLID, ile ya yabisi. Zikatoka 56 za chokaa na 44 za kaboni dioksidi.