Vyuma Vitatu vya Gerezani

Mwaka 2011 nilikuwa nimeajiriwa kwenye karakana ya samani pale Keko, Dar es Salaam, na kila mshahara ulipotoka sikukosa kupita eneo la Gerezani kwa wauza chuma chakavu. Pale mali huuzwa kwa kilo. Kisichopata mteja hupakiwa kwenye lori kikayeyushwe kiwe nondo. Jambo hilo liliniuma tangu siku za kujifunza kazi, kwa sababu chini ya sahani za breki na mabati yaliyokunjamana nilishaona patasi za Sheffield, Uingereza, chuma ambacho ukikipiga tupa unakijua papo hapo, zikisubiri tanuru pamoja na takataka.

Jumamosi moja nilitoka na kiroba kizito. Vingi nilivijua: tupa, bisibisi, kichwa cha tezo. Nisivyovijua vilikuwa koleo moja lenye kigurudumu mdomoni, na vyuma vitatu vinavyofanana, kila kimoja urefu wa shubiri.

Koleo lilijieleza usiku uleule. Nililisugua kwa mafuta ya taa na brashi ya waya mpaka likatokea jina Eclipse, kisha kigurudumu kikakubali kuzunguka. Ukingoni kilikuwa na namba, 4 hadi 12. Nikabana na kuachia, nikaona kijiti kidogo kinatoka na kusukuma kuelekea kwenye ule ukingo, ambao umekatwa mshazari. Kitu gani kinahitaji kusukumwa kidogo namna ile, kwa kiasi kilekile kila mara? Nikachukua msumeno wangu, nikahesabu meno ndani ya inchi moja, nikazungusha kigurudumu mpaka kwenye namba hiyo, nikabana jino la kwanza. Likalala upande. Nikaruka moja, nikabana la tatu.

Meno ya msumeno yasipopindwa moja kulia moja kushoto, njia inayokatwa inakuwa nyembamba sawa na bamba lenyewe, na msumeno unang'ang'aniwa na mti. Pale Keko tulikuwa tukipinda meno kwa bisibisi na kukadiria kwa jicho, na misumeno yetu ilivuta upande mmoja. Wiki iliyofuata wangu ulikata mninga ukienda na mstari bila kushikiliwa. Nilitamani kumjua mtu aliyekuwa na koleo lile kabla yangu.

Vile vyuma vitatu havikusema kitu. Chini vilitanuka na kuwa bapa, na muuzaji alishaniambia ni patasi. Lakini patasi ina makali, au walau ina dalili kwamba ilikuwa nayo. Hivi vilikuwa butu kwa makusudi. Kimoja ukingo wake ulikuwa mwembamba na laini. Cha pili kilikuwa na mfereji mmoja uliochimbwa katikati ya ukingo, kutoka pembe hadi pembe. Cha tatu kilikuwa kinene zaidi, na mifereji yake miwili. Juu, kila kimoja kilikuwa na kichwa kipana kama uyoga.

Mwenzangu mmoja karakanani akaniambia, "Lete nikupigie grenda, tupate patasi tatu za bure." Nikakataa. Mtu hachimbi mfereji ulionyooka vile kwenye ukingo bila sababu, na grenda ingeufuta kwa dakika moja. Tena vile vichwa vilinishughulisha. Patasi inayogongwa kwa nyundo ya chuma kichwa chake hupondeka, kingo zikapasuka na kujikunja nje. Hivi havikuwa na jeraha hata moja. Vilikuwa laini, vinang'aa kwa kutumika. Kwa hiyo vilipigwa sana, na vilipigwa kwa mti. Hapo nikaacha kutafuta jina, nikaanza kutafuta kazi: ni kazi gani inayosukuma kitu ndani kwa nguvu, lakini haitaki kitu hicho kikatike?

Kwenye shina la kile cha mfereji mmoja, kutu ilipotoka, zilionekana herufi: E.A.R. & H.

Jirani yetu Temeke alikuwa mzee mstaafu wa reli. Nilimfuata jioni amekaa barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea nini?"

Alizisoma zile herufi kwa kidole kabla ya kuvaa miwani. Ilikuwa chapa ya Shirika la Reli na Bandari za Afrika Mashariki, lile lililoundwa mwaka 1948 reli ya Tanganyika ilipounganishwa na ile ya Kenya na Uganda, likadumu mpaka 1969 reli na bandari zilipotenganishwa. Yeye aliingia kazini likiwa katika miaka yake ya mwisho. Akakigeuza chuma mara kadhaa, akatikisa kichwa.

"Hiki si cha kwetu. Kwenye njia ya reli hukitumii, kwenye behewa hukitumii. Wewe unaitazama reli tu kwa sababu mimi ni mtu wa reli. Tazama herufi ya mwisho."

H ya Harbours, yaani bandari. Akanieleza kwamba kabla ya gati za kina kirefu kufunguliwa Dar es Salaam mwaka 1956, meli kubwa zilitia nanga katikati na mizigo ililetwa pwani kwa matishari, na kwamba hata baadaye bandari ilikuwa na boti zake na mafundi wake wa boti. "Nenda kwa watu wa vyombo," akasema. "Na usiwaambie ni patasi. Waache washike wenyewe."

Nilipanda daladala la Bagamoyo kutoka Mwenge. Ufukweni, karibu na soko la samaki, palikuwa na mashua imeegeshwa juu ya magogo, mbao mbili za ubavuni zimebadilishwa, na mzee mmoja amechuchumaa chini yake na kijana wa kumsaidia. Nilimwamkia, nikamkabidhi kiroba bila maelezo, kama nilivyoagizwa.

Alitoa cha kwanza, akakitazama. Akatoa cha pili, akapitisha kucha ndani ya mfereji. Hakuniuliza nimekitoa wapi. Alivuta uzi mnene wa pamba kutoka kwenye bakuli la mafuta ya nazi pembeni yake, akaulaza juu ya ule mfereji, na ukakaa pale kana kwamba umepimiwa. Ndipo akaniangalia na kucheka kwa furaha.

"Vya kukalafati hivi, mjukuu wangu. Vizima!"

Vyake vilifuliwa na mhunzi kwa springi za gari, na vilikuwa viwili tu. Akanionyesha kazi yote palepale. Kile chembamba kinaingiza pamba kwenye mwanya kati ya mbao na mbao, kidogo kidogo, unaikunja ukienda. Cha mfereji mmoja kinafuata, kinaishika pamba isiteleze pembeni na kuishindilia. Cha mifereji miwili ni cha mianya mipana. Kingekuwa na makali kingeikata pamba, na pamba iliyokatika haizuii maji. Nyundo yake ilikuwa ya mti mtupu. Aliniambia nisikilize: mlio wake ulikuwa mzito mwanzoni, kisha ukawa mkavu na wa juu kadiri mwanya ulivyojaa. Alijua pa kuacha kwa sikio. Chombo kikiingia baharini mbao zinakunywa maji, zinavimba, zinaibana pamba, na hapo hapavuji tena.

Nilimwachia chembamba na cha mifereji miwili. Alitaka kunilipa, nikakataa. Akanipa pweza mkavu wa kupeleka nyumbani, nikapokea. Kile chenye chapa nilibaki nacho.

Siku chache baadaye nilirudi Gerezani kumuuliza muuzaji kama alikotoa vile vyuma palikuwa na nyundo ya mti. Akasema palikuwa na vitu vingi vya mti, ila chuma chakavu hakipimwi na mti, waliviacha hukohuko na mama lishe walivichukua kuni. Nilimwomba, kuanzia siku ile, chochote chenye herufi zilizogongwa aniwekee pembeni kabla lori halijaja, kiwe na mpini au kisiwe nao. Akakubali, kwa masharti kwamba vya pembeni havipimwi kwa kilo. Tukapatana bei.